Mashine haitoi maji: ninunue pampu?

SWALI: Fundi, shikamoo. Mashine yangu ya kufulia, ya mlango wa mbele, inafua vizuri, lakini ikifika kwenye kukamua inasimama na maji tele ndani. Pampu inanguruma tu. Jirani alifungua chujio, akakizungusha kipangaboi cha pampu kwa kidole, akaona kinakwamakwama. Anasema pampu imekufa. Ninunue nyingine?
– Mama Wawili

JIBU: Marahaba, mama. Usinunue bado. Pampu nyingi za mashine hizi zina sumaku ndani, kwa hiyo kipangaboi ukikizungusha kwa mkono lazima kishike, kiruke, kishike tena. Hiyo ni dalili ya uzima, na inaniuma sana kuona pampu nzima zikitupwa kwa sababu hiyo. Cha kutilia shaka ni kipangaboi kilichogoma kabisa, au kinachochezacheza kwenye mhimili wake.

Kukamua nako hakujaharibika. Mashine hupima kina cha maji, na yakiwa bado yamo haikubali kuzungusha nguo kwa kasi. Tafuta palipoziba.

Chomoa plagi kabisa, kuzima swichi hakutoshi. Kama ulifulia maji ya moto, subiri yapoe. Tandika matambara, weka trei chini ya chujio, ulegeze kidogo kidogo. Trei ikijaa, kaza, mwaga, endelea. Chujio likitoka, mulika tochi ndani. Humo hukaa sarafu, vibanio vya nywele, na waya wa sidiria, ambao hupenya kwenye matundu ya pipa na kukibana kipangaboi. Pampu iliyobanwa hivyo hunguruma bila kusukuma maji, kama yako.

Pakiwa safi, kagua mpira wa kutolea maji: haujapindika nyuma ya mashine? Ung'oe upitishe maji. Halafu kuna mpira mfupi, mnene, wenye mikunjo, kati ya tangi na pampu. Soksi ya mtoto hupenda kujificha hapo, na watu wengi hawafiki kuupapasa.

Ikiwa njia yote ni nyeupe na pampu bado inanguruma bila kuzunguka, hapo nunua, ukilinganisha namba iliyoandikwa kwenye ile ya zamani.

Ukimaliza, kaza chujio vizuri, mimina lita mbili za maji kwenye pipa, washa programu ya kutoa maji peke yake, na utazame chini kama panavuja.