Kuingia Imeingia, Kwani Ni Yake?

Juzi kijana mmoja wa Isevya kaniletea kinanda cha Yamaha PSR-E373, kimelala kimya ndani ya mfuko wa sandarusi. Nikamuuliza alichomeka nini. Akatoa chaja ya laptop, volti 19. Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu kwa utulivu kabisa: "Kaka, si iliingia?"

Iliingia. Huyo ni wa tatu mwaka huu, na wote watatu wamenijibu neno hilohilo. Kwa hiyo wadogo zangu mnaoanza kupiga kwenye kwaya na harusi hapa Tabora, kaeni chini tuongee. Do, re, mi mnazijua, sitawafundisha. Ninachotaka kuongelea ni adapta, lile dude jeusi la umeme mnaloliacha chini ya kiti.

La kwanza, volti. Kinanda kikiandika 12, ni 12. Usifuate jina la kampuni: E373 inataka 12, PSR-SX700 ya Yamaha haohao inataka 16. Tumemaliza.

La pili, ampea, yaani kiasi cha umeme ambacho adapta inaweza kutoa. Hapa watu wanaogopa bure. Ampea za adapta zikizidi hakuna ubaya, zisipungue tu. Kisima kirefu hakimlazimishi mtu kuchota ndoo kumi. Kinanda nacho huchota kinachokitosha. Zikipungua, kitawaka vizuri, utapiga taratibu, halafu pambio likikolea ukapandisha sauti kinajizima, na kanisa zima linageuka kukutazama wewe.

La tatu ni chanya na hasi, yaani ipi iko katikati ya plagi na ipi iko nje, na hili siwezi kulisema kwa ufupi kwa sababu lilinigharimu.

Mwaka 2007, Jumamosi ya kuamkia Pasaka. Kwaya yetu ilikuwa na Casio ya zamani, zile za adapta ya AD-5: volti 9, hasi katikati. Siku hiyo tulikuwa tumeazima na Yamaha, volti 12, chanya katikati. Adapta zote mbili nyeusi, zote nzito, plagi zake zinafanana kama mapacha, na mtu mwenye akili nyingi alikuwa amezitia kwenye kikapu kimoja. Mtu huyo ni mimi. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa tisa, ukarudi jioni, mwalimu wa kwaya anapiga makofi tuanze. Nikapapasa kikapuni, nikashika ya kwanza, nikaitia nyuma ya Casio. Ikaingia laini kabisa. Nikabonyeza swichi.

Kilisikika kishindo kidogo tu, pwa, kama kifuniko cha chupa. Halafu harufu. Mama mmoja wa sauti ya pili akauliza nani anachoma samaki kanisani. Nikachomoa haraka, nikairudisha adapta kikapuni, na hapo ndipo nilipofanya kosa kubwa kuliko la kwanza. Nikasema, "Umeme umerudi kwa nguvu."

Wote wakaniamini. Kwa nini wasiniamini? Umeme kweli ulikuwa ndiyo umerudi. Pasaka tukaimba kwa ngoma na manyanga, na wazee wakatoka wakisema hiyo ndiyo kwaya, jambo ambalo halikunisaidia kulala. Wiki iliyofuata ukapitishwa mchango wa kununua stabilaiza, kumlinda "kijana wetu" na umeme mbaya. Nilisimama mbele za watu nikatoa shilingi elfu tano, nikapigiwa makofi.

Casio ikapelekwa kwa fundi mmoja mzee karibu na stesheni. Mwalimu wa kwaya akasema twende wote. Yule mzee akakifungua, akanyanyua kapasita iliyopasuka kichwa, akainusa kama mtu anayeonja asali ya Sikonge. Akauliza adapta iko wapi. Tukampa AD-5. Akaipima, nzima. Akasema bila hata kuinua macho: "Umeme wa ukutani ukizidi huanza na adapta. Hii haina kitu. Hapa mtu amelisha kinyume, tena amelisha vingi." Mwalimu akanitazama. Nikatazama nje, treni ya Kigoma ilikuwa inapiga honi, nikatamani niwe ndani yake.

Nililipa matengenezo kwa miezi mitano. Stabilaiza ipo kanisani mpaka leo, na kila nikiingia inanikodolea kile kitaa chake cha kijani.

Sasa, alama yenyewe. Nyuma ya kinanda, karibu na tundu, kuna kidoti kilichozungukwa na kitu kama herufi C, na mistari miwili inayokwenda kwenye jumlisha na kutoa. Mstari wa kidoti ukiishia kwenye jumlisha, katikati ni chanya. Angalia na kwenye adapta, vifanane. Pedali za gitaa za Boss ni volti 9, hasi katikati. Vinanda vya Yamaha vya siku hizi, chanya. Casio ndiyo wametuvuruga: AD-5 hasi katikati, halafu AD-E95100 ya kinanda cha CT-S300 ikaja chanya, volti 9.5. Kwa hiyo anayekwambia "hii ni ya Casio, itakubali" mshukuru, kisha usimsikilize.

La nne: si kila adapta inatoa DC, umeme wa kwenda upande mmoja kama wa betri; nyingine hutoa AC, wa kugeuka-geuka kama wa ukutani. Kamstari kenye vidoti chini yake ni DC, kawimbi ni AC. Miksa nyingine ndogo na pedali za zamani zinataka AC kabisa. Usibadilishane.

La tano, unene wa plagi. Pini ya ndani kuna ya milimita 2.1 na ya 2.5, na nje zote ni 5.5, jicho haliwezi kuzitofautisha. Plagi ikicheza ndani ya tundu, siyo yake. Ya kijana wa Isevya ilikuwa inacheza. Aliikaza kwa tepu.

Adapta za kuchagua volti kwa swichi, zile nzito za kizamani: nilipima moja imewekwa 9, bila mzigo, yaani haijachomekwa kwenye kitu, ikasoma 13. Tena swichi yenyewe inasogezwa na kidole cha mtoto.

La sita, au la saba, nimepoteza hesabu. Ninyi mnaokwenda kupiga vijijini, Uyui huko, mkachomeka kinanda cha volti 12 moja kwa moja kwenye betri ya sola: betri ikiwa inachajiwa inapanda hadi 14 na zaidi. Jua la saa saba si rafiki yako. Na vinanda vya mtumba kutoka Japani, soma nyuma kwanza. Kwao ni volti 100, kwetu 230. Kama kimeandikwa 100 tu, tafuta transfoma ya kushusha kabla hujatafuta soketi.

Nunua mita ya kupimia umeme. Ile ya bei rahisi inatosha. Waya mwekundu ndani ya tundu la plagi, mweusi nje; namba ikitokea na alama ya kutoa, katikati ni hasi. Na ukifika nyumbani leo, bandika plasta kwenye kila adapta, uandike ni ya nini. Zangu zote zina plasta, mke wangu anasema zinafanana na wagonjwa.

Kinanda cha yule kijana nimekifungua. Regyuleta, kile kidude cha ndani kinachotuliza volti, imekwenda, ubao nafikiri utapona. Chaja ya laptop haina hata mkwaruzo, ameondoka nayo, na sikupenda jinsi alivyokuwa anaiangalia miksa yangu.