Eda imekwisha, mwili bado mzito

*Bi Shangazi, mume wangu alifariki mwaka jana na eda nimeimaliza. Usiku nashtuka, kifua kinabana, mabega mazito kama nimejitwika gunia la karafuu. Wifi yangu aliyeko Unguja amejiunga na wanawake wanaokutana kujinyoosha, kupumua na kucheza taratibu ili kutua huzuni. Ananiita. Mkwe wangu anasema mjane hachezi ngoma. Niende? – Mjane, Wete*

Mwanangu, pole sana. Mungu amrehemu mumeo.

Hicho kifua kipeleke hospitali kwanza, hapo hapo Wete, presha ipimwe na moyo usikilizwe. Usingizi nao utaje. Na siku ukijiona huna hamu ya kuishi, usingoje mtu yeyote akupe ruhusa, mwambie daktari siku hiyo hiyo. Kidongo Chekundu kule Unguja pana wataalamu wa maradhi ya akili, na kupelekwa kwao si aibu.

Daktari akikuruhusu, nenda kwa wifi yako. Mtu mwenye msiba hujikaza mwili mzima bila kujua: meno, shingo, tumbo, na pumzi inakuwa fupi. Ukitoa pumzi polepole, ndefu kuliko uliyoivuta, moyo hupunguza kasi. Ukitikisa mikono na kukanyaga chini kwa nguvu, misuli iliyokaza hulegea, na mara nyingi hapo ndipo kilio hutoka. Kiache kitoke. Wataalamu wa tiba hii ya kucheza na kujongea wana desturi ya kumfuatisha mtu anavyojongea, wakiinua mkono anapouinua yeye, ajue yupo mtu pamoja naye hata kama hasemi neno. Marekani, mcheza dansi Marian Chace aliifanya kazi hii na wagonjwa wa hospitali ya akili ya St. Elizabeths tangu 1942. Wengine walikuwa hawazungumzi kabisa.

Muulize wifi yako: mlango unafungwa? Ni wanawake watupu? Anayeongoza amesomea nini? Yanayosemwa ndani yanabaki ndani? Pesa wanazotaka ni kiasi gani? Akikwambia kwamba mwalimu huyo anaahidi kukuponya kwa kikao kimoja, au anakukataza dawa za hospitali, usiende.

Na mkwe wako usimjibu kwa ukali. Wewe umefiwa na mume, yeye amemzika mwanawe. Miezi 4 na siku 10 umeikaa kwa heshima, na ikishakwisha hukatazwi tena kutoka. Mweleze kwamba hapana sherehe wala tarumbeta huko. Halafu mwombe mfuatane. Bibi wa umri wake anaweza kushiriki akiwa amekaa kitini, akainua mikono na kupumua tu, na huenda naye hapati usingizi usiku.

Siku ya kwanza mwambie kiongozi, kabla hamjaanza, kuwa umefiwa, na ukitaka kukaa pembeni na mtandio wako ukitazama tu, akuache ukae.