Jibu: Mama kupata kizunguzungu anapoinuka usiku
Ndugu uliyeuliza kama umwachishe mama yako dawa za presha kwa sababu hupata kizunguzungu anapoinuka usiku kwenda chooni, nakusihi usizikatishe kabla ya kumwona daktari, kwani presha isiyodhibitiwa inaweza kuleta kiharusi. Mpeleke apimwe presha akiwa amejilaza, kisha tena baada ya kusimama dakika moja na dakika tatu. Namba ya juu ya presha ikishuka kwa 20 au zaidi anaposimama, daktari ataona kama dozi ipunguzwe au dawa ibadilishwe.

Katika joto la Tabora la Septemba na Oktoba, mzee hupoteza maji bila kusikia kiu, maana hisia hiyo hufifia kadiri umri unavyosonga, na upungufu huo wa maji huzidisha kizunguzungu. Basi mpe maji kidogo kidogo tangu asubuhi, isipokuwa kama ana ugonjwa wa moyo au figo na daktari amemwekea kiasi maalumu.

Usiku akae kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe vifundo vya miguu, ndipo asimame. Choo kikiwa nje, ndoo yenye mfuniko chumbani ni salama kuliko kutoka gizani na kanga inayoburuzika miguuni, ingawa wazee wetu wengi huikataa mwanzoni kwa kuona haya.