Ganzi inayodumu baada ya upasuaji

SWALI: Mama yangu atapasuliwa ngiri hapa Bukavu, na daktari atamchoma ganzi ya muda mrefu kandokando ya kidonda. Je, ni salama? – Msomaji, Kadutu

JIBU: Ndugu msomaji, usiikatae. Bupivakaini, dawa ya ganzi ya muda mrefu, huzuia neva kupeleka maumivu kwenye ubongo, mara nyingi kwa saa 4 hadi 8, muda mrefu kuliko lidokaini, ganzi ya muda mfupi, hivyo mgonjwa huhitaji morfini, dawa kali ya maumivu, kwa kiasi kidogo zaidi. Hatari ni kuzidisha kipimo au dawa kuingia mshipani, kwani yaweza kuvuruga moyo. Ndiyo maana daktari hukadiria kwa uzito, na kabla ya kusukuma dawa huvuta bomba la sindano kuangalia kama damu inaingia. Mama akihisi mdomo kufa ganzi au masikio kuvuma, amwambie muuguzi papo hapo. Parasetamoli aliyoandikiwa aimeze kwa wakati, asingoje maumivu yapambe moto.