Tairi Lipi Linafaa Gari la Zamani? Majibu kwa Wasomaji wa Tanga

Maswali ya safari hii yameelemea upande mmoja tu: gari ni la zamani, tairi lake halipo dukani, na muuzaji anasema "hili nalo litaingia". Kuingia peke yake hakutoshi. Mimi naanza na kimo cha tairi likiwa limejaa upepo, kutoka chini hadi juu, kwa sababu gia na spidomita vilipangwa kiwandani kufuata kimo hicho. Kisipishane na cha asili kwa zaidi ya asilimia 3. Baada ya hapo ndipo naangalia rimu.

Shikamoo fundi. Nina Volkswagen Beetle ya mwaka 1972 niliyoachiwa na baba. Kitabu chake kinasema 5.60-15. Madukani naambiwa nifunge 195/65R15 ya Premio kwa kuwa inchi ni zile zile. Nifunge? (Msomaji, Chumbageni)

Marahaba mwanangu. Usifunge, na nitakueleza kwa nini, maana anayekushauri hajakosea kila kitu.

Hiyo 15 ni kipenyo cha rimu tu, haisemi lolote kuhusu tairi lenyewe. Tairi lako la asili lilikuwa na upana wa inchi 5.60. Tairi la radiali (nyuzi zake za ndani zinapita moja kwa moja kutoka ubavu hadi ubavu) lililokuja kushika nafasi yake ni 165R15. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ukiona tairi la aina hiyo halina namba ya pili, kama ile 65 ya 195/65, ujue kimo cha ubavu wake ni kama asilimia 82 ya upana. Sasa piga hesabu: 165 mara 0.82 ni milimita 135, mara mbili ni 270, jumlisha rimu ya milimita 381, unapata kimo cha 651. Hilo la Premio linatoa 635 hivi. Tofauti haifiki asilimia 3, kwa hiyo kwa kimo limepita.

Linakwama kwenye upana wa rimu. Tairi la 195/65 linataka rimu yenye upana wa inchi 5.5 hadi 7. Rimu ya Beetle yako ina inchi 4 au 4.5. Ukilibana humo, mbavu zinavimba, uso wa tairi haukai sawa barabarani, na kwenye kona gari linakuwa zito kutii usukani. Tafuta 165R15, au 165/80R15 ambalo kimo chake ni 645. Likibidi kuagizwa Dar es Salaam au Mombasa, agiza na usubiri. Gari la baba yako linastahili subira hiyo.

Mawili zaidi. Upepo wa radiali kwenye gari hili ni pauni 18 mbele na 27 nyuma, kwa kuwa injini iko nyuma. Anayejaza 30 kila mguu analifanya lirukeruke mbele. Na ukinunua rimu za Beetle nyingine, hesabu matundu kwanza: nyingi za kabla ya modeli ya 1968 zina matano, zako zina manne.

Habari za kazi kaka. Datsun 1200 yangu ina rimu za inchi 12. Nimepata rimu za Vitz za inchi 14, safi kabisa, bei ya kuridhisha. Fundi anasema atatoboa matundu upya zikae. Au nifunge tu matairi ya Kirikuu? (Msomaji, Ngamiani)

Nzuri kaka. Rimu hizo waachie wenye Vitz. Chukua rula upime mwenyewe: kwenye rimu ya matundu manne, pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linalotazamana nalo. Kwenye Vitz utapata milimita 100. Kwenye Datsun yako utapata 114.3. Rimu iliyotobolewa upya gereji imepoteza chuma pale pale inapobeba uzito wote wa mguu, na chuma hicho hakirudi. Mimi gari la namna hiyo silipandi, na ningekuwa na uwezo ningewazuia wote wanaofanya kazi hiyo.

Matairi ya Kirikuu, 145R12, yataingia kwenye rimu zako za sasa. Ila yametengenezwa kwa gari la mizigo, mbavu zake ni ngumu, na Datsun tupu itakurusha kwenye kila shimo. Tena ni mafupi: kimo chake ni kama 543, wakati 155R12 la asili ni 559. Hiyo ni karibu asilimia 3, mpakani kabisa. Spidomita ikionyesha 80, wewe unakwenda 78 hivi. Si hatari, na kama gari linabeba mzigo kila siku, ni chaguo la heshima.

Kama ni gari la kupendeza na la safari, njia ninayoipenda zaidi ni kupanda inchi moja tu. Tafuta rimu za inchi 13 za Corolla KE70, ile ya zamani inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Matundu yake ni 114.3 kama yako. Vesha 165/70R13: 231 za mbavu mbili na 330 za rimu, jumla 561. Umezidi cha asili kwa milimita 2 tu! Gia, spidomita na nafasi ya madigadi vinabaki karibu vile vile, na saizi za inchi 13 ni rahisi kupata kuliko za 12.

Lakini usilipe kabla hujajaribisha. Hakikisha tundu la katikati ya rimu linapita juu ya habu bila kulazimishwa. Tumia nati za Datsun yako, kwa sababu nyuzi za nati za Toyota zina nafasi ya milimita 1.5 na za Datsun ni 1.25, ukilazimisha ya Toyota, unaharibu stadi (bolti ya habu inayoshika nati). Kisha pakia watu wanne, zungusha usukani hadi mwisho kulia na kushoto, usikilize kama tairi linagusa popote. Gari tupu lililosimama gereji halikuambii ukweli.

Nina Land Rover 109 lililotoka shamba la mkonge. Mbele nimefunga radiali mpya mbili, nyuma yamebaki ya zamani ya nailoni. Yote ni 7.50-16. Kuna ubaya? (Msomaji, Muheza)

Upo ubaya, na ni mkubwa. Hamisha leo: radiali ziende nyuma, nailoni zije mbele, mpaka upate hela ya kununua mbili nyingine.

Radiali inashika barabara kuliko hilo la nailoni, ambalo nyuzi zake zimepishana kimshazari. Zikiwa mbele, pua ya gari inatii usukani huku mkia ukiteleza. Kwa barabara ya Mombo kupanda Lushoto, mvua ikiwa imenyesha, mkia ukikimbia kwenye zile kona hupati nafasi ya kurekebisha. Na kamwe usichanganye aina hizo mbili kwenye ekseli moja.

Lipo la pili ambalo wengi hawalijui. Land Rover la enzi hizo halina difu ya katikati, ile inayoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma yazunguke kwa kasi tofauti. Ukiingiza magurudumu yote manne huku matairi ya mbele na ya nyuma yakipishana kimo, kwa sababu ya aina au ya kuchakaa, shafti zinapindana nguvu zenyewe kwa zenyewe na gia ndiyo inayoumia. Manne yanayofanana ndiyo dawa.

Fundi, nimepata rimu za kisasa za 114.3 kwa ajili ya Corolla KE70. Nati zinaingia vizuri, lakini mbele tairi linasugua shokapu. Naambiwa niweke vipande vya kusogeza rimu nje. (Msomaji, Kange)

Rimu ina kipimo kingine, kimeandikwa ET na namba ya milimita. Kinasema sehemu ya kufungia nati iko umbali gani kutoka mstari wa katikati ya upana wa rimu. Gari za kisasa zinazovutwa na magurudumu ya mbele mara nyingi zina namba kubwa, 40 au 45, na rimu ya hivyo ikifungwa kwenye gari la zamani huzama ndani. Ndicho kinachokutokea.

Kipande chembamba, imara, kinachobana vizuri kwenye habu, na stadi ndefu za kutosha nati kushika nyuzi zote, naweza kukikubali. Vipande vinene viwili vitatu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, hapana. Badilishana rimu na mtu utafute zenye ET ndogo. Itakugharimu kidogo kuliko stadi iliyokatika njiani.

Nauziwa matairi ya mtumba 195/70R14 kwa Mercedes W123. Kashata (meno ya tairi) bado ndefu. Nitajuaje umri wake? (Mama msomaji, Raskazone)

Mama, tafuta ubavuni neno DOT na namba nne za mwisho. 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Zikiwa namba tatu, lilitengenezwa kabla ya 2000. Usilichukue hata bure. Watengenezaji kama Michelin wanashauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na likifika miaka 10 tangu litengenezwe liondolewe hata kama kashata zimejaa. Kwa jua la Tanga, mimi nisingesubiri hiyo 10. Angalia pia nyufa ndogo ubavuni, na namba ya uzito: 91 inabeba kilo 615 kwa tairi, inakutosha.

Je, ni lazima kuweka tyubu kwenye rimu za zamani? (Msomaji, Pangani)

Rimu za nyaya, ndiyo, siku zote. Za chuma, pitisha kidole ndani karibu na ukingo. Kama hakuna kituta kidogo cha kuzuia tairi lisiteleze kuelekea katikati, weka tyubu. Huku pwani chumvi hula ukingo wa rimu na upepo kuvuja polepole, kwa hiyo piga brashi ya waya, msasa na rangi kabla ya kuvesha chochote. Tyubu iwe ya saizi ya tairi lenyewe, na upake unga wa talki kati yake na tairi ili isijikunje.