Kabla hujaingiza mkono kwenye tanki

Mwaka wa kwanza karibu samaki wangu wote walikufa, na si kwa ugonjwa. Kiherehere changu ndicho kilichowaua. Kila siku mkono uko majini: mara napanga, mara nasugua, mara nachungulia kama kuna mayai. Sasa vijana wawili wa hapa Kigoma wameniomba niwaelekeze, nikaona bora niandike kabisa.

Samaki wenyewe ni wale wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya magamba matupu ya konokono. Jirani yangu mvuvi alipowaona aliuliza wanapikwaje. Nikamwambia hawa hata kuchafulia kikaango hawafai. Dume mkubwa ana sentimita tano au sita, jike ni mdogo zaidi. Anza na Lamprologus ocellatus au Neolamprologus brevis. Brevis ni wapole, dume na jike hulala gamba moja. Ocellatus ni wakorofi: dume mmoja na majike wawili au watatu wanatosha, ukiongeza dume wa pili kwenye tanki dogo utamkuta amejibanza juu kwenye kona, mapezi yamechanika. Multifasciatus wanaosifiwa sana ni wa kusini ya ziwa, upande wa Zambia. Na kama unataka kuvua mwenyewe, pita kwanza ofisi ya uvuvi, na maji ya hifadhi usiyaguse.

Tanki la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 linatosha. Ni kama lita 54. Fundi wa vioo atakutengenezea, ila mwambie asitumie silikoni ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu. Liache likauke mpaka harufu ya siki iishe kabisa. Meza iwe imara na iliyonyooka, kwa sababu maji na mchanga pamoja vinazidi uzito wa mfuko wa saruji.

Mchanga ndio moyo wa kazi. Weka laini, wa ziwani, kina cha sentimita tano au zaidi. Oshea kwenye ndoo mpaka maji yawe meupe, na usiguse sabuni. Changarawe hapana: samaki hawa wanachimba kwa mdomo, wanabeba mchanga punje kwa punje na kuutema mbali, mpaka gamba lizame na ubaki mlango tu.

Magamba ni ya Neothauma, konokono asiyepatikana kwingine ila ziwa hili. Okota matupu ufukweni, kiasi tu, maana huko chini ni nyumba za wenzao. Hesabu mawili au matatu kwa kila samaki, la sivyo watagombana. Yachemshe, kisha nusa kila moja. Konokono aliyekufa akabaki ndani kwenye kona ya mwisho ataozesha maji yote. Mimi hilo lilinipata, na kwa siku mbili nililaumu bomba. Ukikosa magamba, kona za bomba la plastiki zinafanya kazi, ingawa sura yake inachekesha.

Sasa angalia hapa. Usidondoshe gamba majini hivi hivi. Lizamishe, mdomo ukielekea juu, kisha lizungushe taratibu kufuata mzunguko wake. Utaona puvu moja linatoka, unasubiri, linatoka jingine dogo. Endelea mpaka yaishe. Hewa ikibaki ndani gamba linayumba na samaki hawezi kuingia mpaka mwisho. Liweke juu ya mchanga likiwa limelala. Usilifukie, hiyo kazi ni ya mwenye nyumba.

Maji ya Tanganyika ni magumu, yaani yana madini mengi, yana pH (kipimo cha asidi) karibu 9, na joto la nyuzi 25 hivi, kwa hiyo Kigoma hita si lazima. Ukichota ziwani, nenda mbali na mwalo penye mafuta ya boti na sabuni za wafuaji. Maji ya bomba yenye klorini yakae kwenye ndoo wazi usiku kucha. Rafiki yangu wa Tabora alijaza maji ya mvua kwa sababu yalikuwa masafi. Usafi ndio tatizo, hayana madini. Ilimbidi aongeze mawe ya chokaa yaliyopondwa kwenye chujio, kidogo kidogo.

Chujio la sponji na pampu ya hewa vinatosha. Washa, kisha subiri wiki nne hadi sita kabla ya samaki, ukitupia chembe za chakula ili bakteria wa kula amonia, ile sumu ya uchafu wa samaki, wapate cha kufanyia kazi. Hapa ndipo wengi mnashindwa; tanki tupu lenye maji safi linawatamanisha. Umeme ukikatika saa chache hakuna shida, ila ukizidi, koroga maji kwa kikombe. Sponji lioshe kwenye maji ya tanki tu, siyo bomba, usije ukaua bakteria wako mwenyewe.

Chakula kidogo mara mbili kwa siku. Viluwiluwi vya mbu wanavipenda, lakini usivifuge nyumbani, malaria ya Kigoma haina utani.

Jike akitaga, mayai yanakaa ndani kabisa, huwezi kuyaona. Dalili ni kwamba hatoki. Anatikisa mkia mlangoni kupeleka maji ndani, na ukisogeza kidole anakuja kukuuma. Acha. Baada ya siku saba hadi kumi na nne jioni ukimulika tochi kwa pembeni utaona vitoto mlangoni, vyembamba kama uzi wenye macho. Vipe atemia (vijidudu vya maji ya chumvi jamii ya kamba) waliototolewa siku hiyo, au unga wa chakula uliosagwa sana.

Vikifika sentimita moja, na mama wa ocellatus ameanza kuvifukuza, ndipo uvitoe. Usivikimbize na wavu. Vinakimbilia ndani ya gamba, basi liinue gamba lenyewe, ulishike juu ya ndoo mdomo ukiwa chini, na uliinamishe polepole. Maji yakitoka navyo vinateleza. Ndoo hiyo iwe imeshajazwa maji ya tanki hilo hilo kabla hujaanza.