Hesabu Mwezi Kwanza, Ndipo Uchague

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: "Ukipata siku saba za mapumziko kisiwani, utazitumia kwa michezo na matembezi, au utatandika mkeka ufukweni upumzike?" Naona swali limemruka mwamuzi mkuu, yaani bahari yenyewe. Unguja, Pemba na Mafia, maji ndiyo yanayoamua saa ya kuogelea, saa ya kutembea na saa ya kulala kivulini. Mtu wa Kigoma anayechagua kwa kupenda tu anaweza kulipia ufuko na kukuta matope, au kulipia boti na kukuta mkondo.

Sisi wa Ziwa Tanganyika tumezoea maji yanayokaa mahali pake. Nenda Bangwe asubuhi, rudi jioni, ufuko ni uleule. Mwezi tunauhesabu kwa ajili ya dagaa, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka taa za wavuvi hukosa nguvu ya kuwavuta, na mitumbwi hupumzika. Pwani nao wanauhesabu mwezi, ila wao ni kwa ajili ya maji. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kutoka kujaa hadi kupwa ni muda wa saa sita na robo hivi. Kesho yake nyakati hizo husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta pamoja, tunapata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na Unguja tofauti yake inaweza kufika mita nne. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, ambapo bahari hupanda kidogo na kushuka kidogo.

Kuna jambo moja ambalo matangazo ya hoteli hayalisemi. Unguja, siku za bamvua, maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Siku za maji mafu ni kinyume chake, yaani hujaa saa nne asubuhi na kupwa saa kumi jioni. Basi ukishajua tarehe ya mwezi, umeshajua ratiba ya siku yako kwa kukadiria. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani, kama ilivyo katika nyumba nyingi za Ujiji, hahitaji chombo kingine: bamvua huwa karibu na tarehe mosi na tarehe 15, au siku moja mbili baadaye, na maji mafu huangukia karibu na tarehe 8 hadi 10 na tarehe 23 hadi 25.

Sasa tuje kwenye ufuko. Pwani ya mashariki ya Unguja, yaani Paje, Jambiani na Bwejuu, ni tambarare iliyozingirwa na mwamba wa matumbawe. Maji yakitoka siku ya bamvua, mtu hutembea mamia ya mita bila kulowa magoti. Kwa anayetaka kuona viumbe vya majini kwa miguu, hapo ni pazuri mno. Aliyekwenda kuogelea saa nne asubuhi ya siku hiyo hana pa kuogelea. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, maji yapo saa zote, kwa hiyo anayetaka kupumzika bila kuangalia saa akae huko. Tena Kendwa inaelekea magharibi, hivyo kuanzia Juni hadi Septemba, kusi inapovuma na kurusha mchanga usoni kule mashariki, Kendwa panakuwa na utulivu. Upepo huohuo ndio mtaji wa wanaoteleza majini kwa tiara pale Paje, wakati wa kusi na tena wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi. Mchezo huo si wa kujaribu mchana mmoja. Anayeanza huhitaji mafunzo ya jumla ya saa 9 hadi 12, yaani karibu siku tatu, na kati ya siku saba hizo ni nyingi.

Kutembea kwenye mwamba kunaonekana kama mapumziko, lakini kuna sheria zake. Anza saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa na geuka yanapofikia mwisho wa kupwa. Usingoje yakufike magotini. Mwamba wa nje umeinuka kuliko eneo lililo karibu na ufuko, kwa hiyo maji yanaporudi hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yako. Watu hushtuka wakiwa wamesimama pakavu huku njia ya kurudi imeshafika kifuani. Vaa yeboyebo zenye mkanda wa kisigino au raba za zamani, kwani ndala huchomoka kwenye tope. Viumbe vyeusi vyenye miba mirefu hujificha kwenye mashimo ya mwamba, na miba yao hukatikia ndani ya nyama. Ukichomwa, loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, kisha toa kwa kibanio miba inayoonekana. Ukiona kamba zimefungwa kwenye vigingi, zunguka. Hayo ni mashamba ya mwani, kazi iliyoshamiri Unguja tangu mwisho wa miaka ya 1980 na ambayo wanawake wengi wanaitegemea. Kukanyaga kamba hizo ni sawa na kukanyaga miche ya mihogo ya mtu.

Kuogelea nako, mzoefu wa ziwa asijidanganye. Maji ya chumvi humwinua mtu, na hilo humpa ujasiri ambao hajaupata kwa kujua. Pale mwamba unapokatika pana mlango, na maji yanapotoka, bahari yote iliyo ndani humiminikia hapo kuelekea nje. Ogelea maji yakijaa, si yakitoka. Mkondo ukikuchukua, usishindane nao. Ogelea kando, sambamba na ufuko, hadi uutoke, ndipo urudi nchi kavu.

Kwa kutazama samaki ukielea, zoezi lianzie nyumbani. Ziwa letu lina aina zaidi ya 200 za samaki, nyingi hazipatikani kwingine duniani, na wengi wao huishi kwenye mawe karibu na ufuko. Chagua mahali ambapo wenyeji huogelea, penye mawe na maji safi, mbali na matete, maana konokono wa kichocho hupenda majani na maji yaliyotulia. Pima miwani ya kuzamia hivi: iweke usoni bila mkanda, vuta pumzi kwa pua, uachie mikono. Ikishika, inakutosha, ikidondoka, kila wimbi litakuingia machoni, na chumvi inauma kuliko maji ya ziwa. Sharubu nene huvujisha. Kioo kipya paka dawa ya meno, sugua kwa kidole, suuza, la sivyo kitajaa ukungu. Jifunze kupumua kwa mrija ukiwa umesimama kwenye maji ya kiunoni, na ujifunze kuyapuliza nje maji yaliyoingia. Dakika 30 za Bangwe zitakuokoa na hofu ukiwa kisiwa cha Mnemba, ambako boti huwa nyingi na hakuna wa kukungoja. Baharini vaa fulana, kwani anayeelea kifudifudi saa mbili huungua mgongo bila kuhisi joto.

Kuzamia na mtungi wa hewa kunataka tahadhari zaidi. Asiye na cheti hushushwa na mkufunzi hadi mita 12, si zaidi. Mita kumi chini, shinikizo ni mara mbili ya juu. Ndiyo maana masikio huuma, na dawa yake ni kubana pua na kupuliza polepole mapema, kabla maumivu hayajaanza. Mwenye mafua asizame kabisa. Usizuie pumzi unapopanda, hata kidogo, kwa sababu hewa iliyo mapafuni hutanuka na inaweza kuyapasua. Maji mafu ndiyo siku nzuri: mkondo ni mdogo na maji hayavurugwi sana na mchanga.

Hapa ndipo watu wa Kigoma wanapokosea. Baada ya kuzama, mwili hubaki na gesi ya naitrojeni iliyoyeyuka kwenye damu, na ukipanda mahali penye hewa nyepesi mapema, hutoka kwa mapovu. Kabla ya kupanda ndege, ngoja saa 18 kwa uchache ikiwa umezama mara kadhaa, na saa 24 ni salama zaidi. Anayerudi kwa basi au treni asidhani hili halimhusu: Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Tabora karibu 1,200. Kwa hiyo kuzama kuwe katikati ya likizo, kamwe kusiwe siku ya mwisho.

Mimi ningezipanga siku saba hivi, nikianzia tarehe 7 ya mwezi wa Kiislamu. Siku mbili za kwanza ni za kulala, Kendwa. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na hata kama kuanzia Dodoma utahamia treni ya umeme, bado kuna boti ya karibu saa mbili hadi Unguja. Mwili uliokaa kitini hivyo una miguu iliyovimba na usingizi uliokatika, na ajali nyingi za majini humpata mtu aliyechoka anayeona aibu kusema kachoka. Siku ya tatu na ya nne, tarehe 9 na 10, ni maji mafu: hapo ndipo boti, miwani na mtungi. Siku ya tano hama, upitie msitu wa Jozani kuwaona kima punju asubuhi. Siku mbili za mwisho kaa Jambiani. Maji yatakuwa yanapwa sana kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi, utembee mwambani, upumzike mchana, uogelee yakijaa alasiri. Ndani ya juma moja umepata vyote viwili, na naitrojeni imekwisha kutoka.

Anayekwenda Mafia kwa ajili ya papa potwe aende kati ya Oktoba na Februari, naye ageuze mpango. Boti huondokea Kilindoni asubuhi, na samaki huyu hana miadi, basi tenga asubuhi mbili au tatu na uache alasiri ziwe tupu. Hang'ati, hula viumbe vidogo vinavyoelea, lakini mkia wake ni mzito: kaa mita tatu hivi kutoka ubavuni, mbali zaidi na mkia, na usimguse. Aprili na Mei, masika yakiwa yamepamba moto, hoteli nyingi hushusha bei na nyingine hufunga. Wakati huo unamfaa anayetaka kulala na kusikiliza mvua tu.

Kabla ya kutuma malipo ya chumba, mpigie mwenye nyumba umuulize: tarehe hizo, maji yanapwa saa ngapi mbele ya nyumba yako, na yakipwa naogelea wapi? Akitaja saa bila kusita, lipa. Akikuambia bahari ipo muda wote na nyumba yake ipo Paje, endelea kutafuta.

Msomaji wenu,
Ujiji, Kigoma